NANI ALIYELIPIA UTAFITI? FUNZO LA RISASI KATIKA PETROLI

Utangulizi

Kila kemikali mpya inapotoka kiwandani kwenda sokoni, huzuka swali: je, itawadhuru watu na mazingira? Swali hili hujibiwa kwa utafiti, na utafiti una gharama. Zinahitajika maabara, vyombo vya kupimia, wataalamu na miaka mingi ya kazi. Mara nyingi mwenye fedha za kutosha, tena mwenye haja ya kupata jibu upesi, ni kiwanda kile kile kinachotengeneza kemikali hiyo. Basi jibu lililopatikana kwa fedha za mwuzaji tulichukue namna gani? Je, tulitupe kwa sababu ya aliyelipa, au tulipokee kwa sababu limetoka kwa wanasayansi?

Katika makala hii tutalichunguza jambo hilo kwa kufuata historia ya kemikali moja, yaani risasi iliyotiwa katika petroli. Kisa hiki kinafaa kufundishiwa kwa sababu tatu. Kwanza, mwisho wake unajulikana. Pili, kemia yake si ngumu kwa mwanafunzi wa sekondari. Tatu, vipimo vingi vilivyochapishwa wakati huo vilikuwa vya kweli. Mambo yaliyopotoka yalikuwa maswali yaliyoulizwa, watu waliopimwa, na ulinganisho uliofanywa. Upotofu wa namna hiyo ni mgumu kuuona kuliko uongo wa wazi, na ndiyo maana kila msomaji wa sayansi hana budi kujifunza kuutambua.

Jinsi risasi ilivyoingia katika petroli

Ndani ya injini ya petroli, pistoni hugandamiza mchanganyiko wa hewa na mvuke wa petroli katika silinda, kisha cheche ya plagi huuwasha. Petroli iliyo hafifu ikigandamizwa sana, sehemu ya mchanganyiko huo hulipuka yenyewe kabla ya kufikiwa na moto wa plagi. Hapo injini hugonga, hupoteza nguvu, na baada ya muda huharibika.

Mwezi Desemba 1921, Thomas Midgley, mhandisi wa kampuni ya General Motors huko Dayton, jimbo la Ohio, nchini Marekani, aligundua kwamba kiasi kidogo sana cha kampaundi iitwayo risasi tetraethili huzuia kugonga huko. Fomula yake ni Pb(C₂H₅)₄. Alkoholi pia ilijulikana kuwa na uwezo huo, lakini ilihitajika kwa wingi zaidi, tena mtu yeyote angeweza kuitengeneza. Petroli yenye risasi ilianza kuuzwa Dayton mwezi Februari 1923. Mwaka uliofuata, kampuni za General Motors na Standard Oil ya New Jersey ziliunda kampuni ya pamoja ya kuiuza kemikali hiyo. Jina la biashara lilikuwa Ethyl. Neno risasi halikutajwa.

Sumu ya risasi ilijulikana tangu zama za Warumi. Risasi ni elementi, kwa hiyo haiwezi kuungua ikatoweka. Petroli inapoungua, risasi iliyomo hutoka pamoja na moshi ikiwa chembe ndogo mno, ambazo huvutwa mapafuni au hutua juu ya udongo, maji na mimea. Mwilini huchukua nafasi ya kalsiamu na kujificha mifupani kwa miaka mingi. Huvuruga utengenezaji wa hemoglobini, na hudhuru neva na ubongo. Watoto wadogo huathirika zaidi, kwa kuwa matumbo yao hufyonza sehemu kubwa zaidi ya risasi waliyoimeza kuliko ya watu wazima, na ubongo wao ungali ukijengwa.

Vifo vya mwaka 1924

Risasi tetraethili ina hatari ya ziada: huyeyuka katika mafuta, kwa hiyo hupenya ngozi na kufika katika ubongo. Mwezi Oktoba 1924, katika kiwanda cha Standard Oil cha Bayway, New Jersey, wafanyakazi watano walirukwa na akili wakafa, na wengine zaidi ya thelathini waliugua. Vifo vingine vilitokea Dayton na katika kiwanda cha kampuni ya DuPont huko Deepwater. Wafanyakazi wa Deepwater waliliita jengo lao Nyumba ya Vipepeo, kwa sababu waliopatwa na sumu waliona wadudu ambao hawakuwapo.

Wakati huo palikuwa na utafiti uliokwisha kuanza. Kampuni ilikuwa ikilipia uchunguzi uliofanywa na Idara ya Migodi ya serikali ya Marekani, ambamo wanyama walivutishwa moshi wa petroli hiyo. Katika mkataba palikuwa na sharti kwamba maandishi yote yapelekwe kwanza kwa kampuni ili yapate maoni na kibali chake kabla ya kuchapishwa. Ripoti ilitoka siku chache tu baada ya maafa ya Bayway, nayo ilisema kwamba hatari kwa umma haikuonekana.

Tarehe 20 Mei 1925, Mganga Mkuu wa serikali ya Marekani aliitisha mkutano mjini Washington, na uuzaji wa petroli hiyo ukasimamishwa kwa muda. Miongoni mwa waliopinga risasi alikuwa Dkt. Alice Hamilton wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyekuwa bingwa wa magonjwa ya viwandani. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: wafanyakazi wa kiwandani wanaweza kukingwa, lakini vumbi la risasi litokalo katika kila gari halina mipaka, na hakuna mlinzi awezaye kulizuia lisiwafikie watu njiani.

Iliundwa kamati ya wataalamu, ambayo iliwapima wanaume 252, wengi wao wakiwa madereva na wafanyakazi wa gereji. Mwezi Januari 1926 kamati ilitoa taarifa kwamba haikuona sababu za kutosha za kuipiga marufuku petroli ya risasi. Lakini wajumbe waliongeza onyo muhimu. Walisema kwamba muda wa matumizi ulikuwa mfupi, kwamba madhara ya polepole huenda yakajitokeza baadaye, na kwamba utafiti uendelee kwa fedha za umma. Petroli ilirudishwa sokoni. Fedha za umma hazikutolewa, na pengo hilo likajazwa na fedha za viwanda.

Maabara ya Cincinnati

Mtu aliyeshika nafasi ya kwanza katika utafiti huo alikuwa Dkt. Robert Kehoe wa Chuo Kikuu cha Cincinnati. Aliajiriwa na General Motors kuchunguza maafa ya 1924, akawa mganga mkuu wa kampuni ya Ethyl tangu 1925 hadi 1958. Mwaka 1930 ilianzishwa chuoni hapo Maabara ya Kettering, kwa fedha za Ethyl, General Motors na DuPont, chini ya uongozi wake. Kwa muda wa miaka karibu arobaini, sehemu kubwa sana ya maarifa ya Wamarekani kuhusu risasi itokanayo na petroli ilitoka katika maabara hiyo.

Kehoe alikuwa mpimaji hodari, na hatua zake za kuwakinga wafanyakazi viwandani zilipunguza vifo. Kuhusu umma, mafundisho yake yalikuwa manne:

(a) Risasi imo mwilini mwa kila mtu kwa asili.
(b) Mwili hutoa risasi kwa kadiri unavyoipokea, hivyo mizani husimama sawa.
(c) Upo mpaka ambao chini yake hapana ugonjwa. Aliuweka kwenye mikrogramu 80 katika kila mililita 100 za damu.
(d) Watu wa kawaida wako chini sana ya mpaka huo.

Juu ya haya aliweka kanuni ya tano, ambayo ilikuwa na nguvu kuliko zote. Alisema kwamba petroli ya risasi iendelee kutumika mpaka mtu aonyeshe kwa vipimo kwamba imeleta madhara. Kwa kanuni hiyo, wajibu wa kuthibitisha uliondolewa kwa mtengenezaji na kuwekwa juu ya mabega ya mdhurika. Na kwa kuwa karibu vipimo vyote vilifanywa katika maabara moja iliyolipiwa na watengenezaji, ushahidi huo ungetoka wapi?

Kosa lilikuwa wapi?

Hapa tunafika kwenye kiini cha somo letu. Kila jaribio la kisayansi huhitaji kundi la kulinganisha, yaani kundi lisiloguswa na kile kinachochunguzwa. Tuseme mtu wa pwani anataka kujua kama maji ya kisima chake yameingiwa na chumvi ya bahari. Akiyalinganisha na maji ya kisima cha jirani kilicho ufukweni vilevile, ataona kwamba yanalingana, naye atasema: hii ndiyo ladha ya maji. Kipimo chake ni sahihi, lakini hukumu yake ni potofu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Kehoe. Katika uchunguzi wake wa mwanzo, wafanyakazi wasioshika risasi tetraethili walilinganishwa na walioishika. Wote walionekana kuwa na risasi mwilini, akakata shauri kwamba risasi ni jambo la kawaida. Alipoambiwa kwamba hao wote ni watu wa miji ya viwanda, alikwenda Mexico kuwapima wakulima walioishi mbali na magari. Nao pia walikuwa na risasi. Lakini wakulima wale walipikia na kulia katika vyombo vya udongo vilivyopakwa rangi ya kung'aa yenye risasi. Kwa maneno mengine, kisima cha kulinganishia nacho kilikuwa na chumvi.

Upungufu wa pili ulihusu watu waliopimwa. Majaribio ya mizani ya risasi mwilini yalifanywa kwa wanaume watu wazima wenye afya. Wanaume hao hawawezi kusema lolote juu ya ubongo wa mtoto wa miaka miwili. Upungufu wa tatu ulihusu tafsiri ya neno ugonjwa. Kehoe alitafuta dalili za wazi, kama degedege, kupooza na maumivu makali ya tumbo. Mtoto aliyepungukiwa kidogo na uwezo wa kujifunza hakuhesabiwa kuwa mgonjwa, kwa hiyo hakuonekana katika jedwali lolote.

Wahenga walisema, mwamba ngoma huvutia kwake. Si lazima mwambaji awe mwongo. Huenda mkono wake umezoea tu kuvuta upande mmoja, na hapana mwenzake wa kuvuta upande wa pili.

Patterson na usafi wa maabara

Mvutaji wa upande wa pili alitokea mahali pasipotazamiwa. Clair Patterson wa Taasisi ya Teknolojia ya California alikuwa mwanajiokemia aliyetaka kujua umri wa dunia. Alipima isotopu za risasi katika vimondo, na mwaka 1956 alichapisha jibu linalokubaliwa hadi leo: miaka kama bilioni 4.55. Ili kulipata jibu hilo alipambana na tatizo kubwa. Risasi ilikuwa kila mahali: katika hewa ya maabara, vyombo, kemikali, nguo na nywele za wafanyakazi. Alilazimika kujenga chumba safi kuliko vyumba vyote vya wakati wake.

Mwanafunzi anaweza kulielewa tatizo hilo kwa jaribio rahisi. Chukua neli mbili za majaribio. Suuza moja kwa maji ya bomba, na nyingine kwa maji yaliyokenekwa, mara kadhaa. Mimina kisha katika kila neli maji yaliyokenekwa na matone machache ya myeyuko wa nitreti ya fedha. Mara nyingi neli ya kwanza huonyesha ukungu mweupe wa kloridi. Asiyejua habari ya kusuuza atasema kwamba maji yaliyokenekwa yana kloridi. (Mwalimu asimamie jaribio hili, maana nitreti ya fedha huchoma na kutia doa ngozi.)

Baada ya kujua namna ya kuiondoa risasi ya maabara, Patterson alianza kupima risasi ya dunia. Katika bahari aliona kwamba maji ya juu yana risasi nyingi kuliko ya vilindini, ishara kwamba ilikuwa ikishuka kutoka hewani. Katika makala ya mwaka 1965 alikadiria kwamba Mmarekani wa kawaida alikuwa na risasi mwilini kama mara 100 ya kiasi cha asili. Mwaka 1969 yeye na wenzake walichapisha vipimo vya barafu ya Greenland, ambayo tabaka zake huhifadhi hewa na vumbi vya kila zama. Tangu mwaka 800 kabla ya Kristo hadi miaka ya 1960, risasi katika barafu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara 200. Na mwaka 1979 walichapisha vipimo vya mifupa ya watu wa kale wa Peru. Kundi la kulinganisha lililokosekana kwa nusu karne lilipatikana kaburini.

Hapa ndipo tofauti ya maneno mawili ilipodhihirika. Kehoe alipima kiasi cha kawaida, yaani kile kilichoonekana kwa watu wengi. Patterson alitafuta kiasi cha asili. Jambo linaweza kuwa la kawaida bila kuwa la asili, wala salama.

Yafaa kukumbuka kwamba baadhi ya kazi za Patterson baharini zililipiwa na Taasisi ya Petroli ya Marekani. Fedha hizo hazikumzuia kuona ukweli. Lakini baada ya kuuchapisha, mkataba wake haukuendelezwa. Na mwaka 1971, Baraza la Utafiti la Taifa la Marekani lilipotoa ripoti kuhusu risasi iliyomo hewani, mtu aliyejua zaidi jinsi ya kuipima hakuwa miongoni mwa wajumbe.

Ushahidi wa damu na meno

Mwaka 1979, Dkt. Herbert Needleman alichapisha uchunguzi wa meno ya utoto yaliyong'oka ya wanafunzi wa shule za karibu na Boston. Watoto wenye risasi nyingi katika meno walipata alama za chini zaidi katika vipimo vya akili na usikivu darasani, ingawa hakuna hata mmoja aliyeonekana mgonjwa.

Tangu katikati ya miaka ya 1970 magari mapya ya Marekani yalihitaji petroli isiyo na risasi, kwa sababu risasi iliharibu kifaa cha kusafishia moshi. Kati ya 1976 na 1980 matumizi ya risasi katika petroli yalipungua kwa zaidi ya nusu. Katika muda huo huo wastani wa risasi katika damu za Wamarekani ulipungua kwa asilimia kama 37. Mistari miwili ya grafu ilishuka pamoja. Kama risasi hiyo ingekuwa ya asili, isingefuata mauzo ya petroli.

Kadiri ushahidi ulivyoongezeka, kiwango cha risasi katika damu ya mtoto kilichowafanya wakuu wa afya wa Marekani wachukue hatua kilizidi kushushwa. Tarakimu hizi ni mikrogramu katika mililita 100 za damu:

Miaka ya 1960: 60
Mwaka 1971: 40
Mwaka 1975: 30
Mwaka 1985: 25
Mwaka 1991: 10
Mwaka 2012: 5
Mwaka 2021: 3.5

Leo Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Afrika na Afrika Mashariki

Marekani ilikamilisha marufuku kwa magari ya barabarani mwaka 1996, lakini petroli ya risasi iliendelea kuuzwa kwingineko. Mwezi Juni 2001, wajumbe wa nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara walikutana Dakar, wakakubaliana kuiondoa kabla ya mwisho wa 2005. Mwaka uliofuata uliundwa ushirikiano wa kimataifa, ukiongozwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi. Januari 2006 lengo la Dakar lilifikiwa, nchi za Afrika Mashariki zikiwamo. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha mwezi Julai 2021. Tangu mauzo ya kwanza ya Dayton, ilikuwa imepita miaka 98.

Hata hivyo risasi haijatuacha. Imo katika baadhi ya rangi za nyumba na katika betri za magari. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi karibu na makazi ya watu tangu 2007 hadi 2014, na wakazi, pamoja na watoto, walikutwa na risasi katika damu. Mahali kama hapo maswali ya nani apime, amlinganishe nani na nani, na matokeo yatangazwe na nani, ni maswali ya uhai.

Jinsi ya kuisoma ripoti

Je, basi, fedha za viwanda zikataliwe kabisa? Nchi nyingi huwataka watengenezaji wa viuatilifu na dawa walipie majaribio ya usalama, na ni haki, kwa kuwa faida ni yao. Tena kamati ya 1926 haikuwa ya kiwanda, nayo ilikosea kwa kupima muda mfupi. Jina la mlipaji peke yake halithibitishi wala halikanushi tarakimu. Hutuambia mahali pa kuchungulia kwa makini zaidi. Msomaji aulize:

1. Ni swali gani lililoulizwa, na lipi liliachwa?
2. Kundi la kulinganisha ni lipi, na je, ni safi kweli?
3. Ni nani waliopimwa, na kwa muda gani? Je, watoto na wajawazito wamo?
4. Nani ana mamlaka ya kuamua kama matokeo yachapishwe?
5. Je, wengine wasiolipwa na mhusika wameweza kulirudia jaribio, na takwimu zake ziko wazi kwao?
6. Wakati ukweli haujajulikana, ni nani anayebeba hatari?

Swali la sita si la maabara peke yake. Kwa miaka mingi petroli ya risasi ilihesabiwa kuwa haina hatia mpaka ushahidi upatikane, na waliosubiri ushahidi huo walikuwa watoto waliokuwa wakivuta hewa. Taifa lenye maabara zake lenyewe, na walimu wanaowafundisha vijana kuuliza maswali haya, halina haja ya kusubiri namna hiyo.

Mazoezi

1. Tafuta asilimia ya risasi, kwa uzani, katika Pb(C₂H₅)₄. (Pb = 207, C = 12, H = 1.)
2. Mpaka wa Kehoe ulikuwa 80. Kiwango cha 2021 ni 3.5. Cha kwanza ni mara ngapi ya cha pili? Eleza kwa nini kushuka huko hakuna maana kwamba sumu imebadilika.
3. Kiwanda cha rangi kinadai kwamba vumbi lake haliwadhuru wanafunzi wa shule ya jirani. Panga uchunguzi wa kulihakiki dai hilo. Taja kundi lako la kulinganisha na sababu za kulichagua.
4. Jadilini darasani: "Kemikali mpya ihesabiwe kuwa na hatari mpaka usalama wake uthibitishwe." Upande mmoja utetee na mwingine upinge.

Majibu: (1) asilimia 64 takriban, (2) mara 23 takriban.